Mafuta Mepesi Si Mafuta ya Taa: Nilivyoitafuta Kamusi ya Kijapani ya Kuweka Kwenye Simu

Kama umewahi kupanda Noah ya kutoka Tukuyu kuja Mbeya mjini, huenda umemsikia yule dada. Dereva anazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka, na kabla gari halijaondoka sauti ya kike, ya upole na yenye haraka kidogo, inasema neno kwa Kijapani. Abiria hawashtuki tena. Mjomba wangu, ambaye gari lake la namna hiyo linaingia mwaka wa sita sasa, humwitikia kila asubuhi: "Haya mama, nimesikia." Sisi wa nyumbani tuliamini anatusalimia, au anatukumbusha mikanda. Mama mkubwa alikuwa na hakika kwamba ni sala ya safari.

Anachosema ni hiki: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Kadi ya ETC haijaingizwa. Barabara za kulipia za Japani zina mfumo wa kukata ushuru bila gari kusimama, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2001. Dereva anachomeka kadi kwenye kifaa kidogo ndani ya gari, anapita getini, pesa inakatwa. Kadi ilibaki Japani kwa mwenye gari wa kwanza. Kifaa kilipanda meli pamoja na gari, kikafika Mbeya, na kitaendelea kuulizia kadi mpaka atokee mtu wa kukata waya wake.

Siku nilipoipata maana hiyo nilikuwa nimekaa kiti cha mbele cha gari lile lile, simu mkononi. Nikamwambia Mjomba. Alinyamaza, akakitazama kile kifaa, kisha akasema, "Kumbe maskini anaulizia kitu chake miaka yote hii."

Mimi nauza spea. Duka langu ni dogo, liko Mwanjelwa: nozeli, pampu za maji, mikanda ya taimingi, taa za nyuma, na spea za mtumba ambazo nyingine huja na stika zake za Kijapani zikiwa hazijabanduliwa. Sisi tuko juu ya barabara ya TANZAM. Magari yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia, Malawi na Kongo yanapita mbele yetu, na yale yaliyochoka yanaishia kwa mafundi wetu. Kijapani kimejaa mjini kwetu, ila kimebandikwa, hakisemwi. Kiko kwenye mlango wa dereva, kwenye kifuniko cha tenki, juu ya kioo cha kujikingia jua, ndani ya boneti. Stika inayosema mkanda wa taimingi ulibadilishwa gari likiwa na kilomita ngapi ni habari ya pesa. Nimeona watu wakiibandua kwa kisu ili gari lionekane safi.

Nilianza kuhangaikia kamusi kwa sababu ya pampu moja.

Mwaka juzi, wakati wa kuandaa majaruba ya mpunga kule Usangu, alikuja kijana kutoka Ubaruku amebeba pampu ya dizeli ndani ya kiroba. Ilikuwa ya trekta dogo la mtumba alilonunua baba yake, lililokuja moja kwa moja kutoka Japani. "Shikamoo dada, naulizia kama hii ipo." Nikaitikia, nikamwita fundi tunayeshirikiana naye uani. Fundi akaifungua, akaitazama plunja iliyokwaruzika, akainusa. "Hii inanuka mafuta ya taa," akasema.

"Ndiyo," kijana akajibu, bila wasiwasi hata kidogo. "Ndivyo ilivyoandikwa kwenye tenki."

Akatuonyesha picha kwenye simu. Kifuniko cha tenki kilikuwa na herufi mbili: 軽油. Alikuwa ameziingiza kwenye programu moja ya kutafsiri, ikamjibu kwa Kiingereza: "light oil". Yeye ana kidato cha nne. Light ni taa, oil ni mafuta. Baba akaenda dukani akanunua mafuta ya taa, trekta likawaka, wakalima siku kadhaa wakiwa na furaha. Tatizo ni kwamba pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni makavu. Vyuma vikaanza kulana.

Fundi alicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu kila hatua aliyopiga yule kijana ilikuwa sahihi. Herufi ya kwanza, 軽, kweli ni wepesi. Ya pili, 油, kweli ni mafuta. "Light oil" si kosa; kamusi nyingi zinayo tafsiri hiyo. Wajapani huita dizeli mafuta mepesi kwa sababu ina ndugu yake, 重油, mafuta mazito ya meli na mitambo mikubwa. Lakini neno la Kiingereza lina mikono miwili: mmoja umeshika wepesi, mwingine umeshika taa. Kijana akasalimiana na mkono ambao haukuwa wake.

Na kilichoniuma zaidi nilikigundua usiku ule. Wajapani wana mafuta ya taa, na wanayaita hivyo hivyo kama sisi: 灯油, tōyu. Herufi ya kwanza ni taa, ya pili ni mafuta. Kiswahili na Kijapani vilikuwa vimekubaliana neno kwa neno, na Kiingereza kilichokaa katikati ndicho kilichowapoteza. Kama kamusi ya yule kijana ingemfungulia zile herufi moja moja, angeona kwamba kwenye tenki la baba yake hakuna taa.

Kamusi yangu mwenyewe wakati huo haikuwa bora kuliko yake. Niliipakua kwa sababu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha na picha yake ilipendeza. Ilitaka bando kila ninapotafuta neno. Ilinipa neno moja la Kiingereza kwa kila neno la Kijapani, basi, kama vile lugha mbili ni safu mbili za namba. Na ilinitaka niandike neno ndipo inijibu. Mtu ninayeshika stika yenye herufi nisizozijua niandike nini? Neno la Kiswahili, hata usipojua maana yake, unaweza kulisoma kwa sauti na kulitafuta. Herufi ya kanji, yaani zile za Kijapani zilizotoka Uchina na kubeba maana, haikwambii inavyosomwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa mtu wa aina yangu, swali la kwanza kuhusu kamusi ni mlango wake wa kuingilia. Wingi wa maneno unakuja baadaye.

Milango iko mitatu ninayoitumia.

Mmoja ni kuchora herufi kwa kidole. Unaweza ukadhani unachora picha, lakini programu nyingi zinaangalia pia mpangilio wa mistari: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mstari wa kulala kabla ya ule wa kusimama unaoukata, na boksi linafungwa mwisho. Nilipoteza jioni nzima nikichora 油 vizuri kabisa kwa macho, na kupewa herufi nyingine kumi. Nilipofuata mpangilio ikaja ya kwanza. Uani kwenye gereji mlango huu una adui wake, nao ni grisi: kidole cha fundi kinateleza, mstari mmoja unakuwa miwili.

Mwingine ni kuijenga herufi kwa vipande. Huu ndio ninaoupenda kwa moyo wote. Kanji karibu zote zimeundwa kwa vipande vinavyojirudia. Kwa hesabu ya zamani ya kamusi za Kichina viko 214. Kamusi nzuri inakuwekea vipande kwenye meza, unagusa unavyoviona, inachuja. Na vipande vinafundisha. Kushoto mwa 軽 kuna 車, gari. Gari hilo hilo liko ndani ya 輪, gurudumu. Ndani ya 軸, shafti. Ndani ya 転, kuzunguka. Ndani ya 輸, ile ya kusafirisha mizigo. Kushoto mwa 油 kuna matone matatu ya maji, na matone hayo utayakuta kwenye 漏, kuvuja, kwenye 液, kimiminika, kwenye 洗, kuosha. Baada ya miezi michache nilikuwa naweza kuitazama stika nisiyoijua kabisa na kusema: hii inahusu kitu cha maji maji kinachovuja. Mara nyingi hilo linatosha kumzuia mtu asifungue boliti isiyomhusu.

Wa tatu ni kamera. Unaielekeza kwenye maandishi, inayasoma. Kwenye kitabu cha matumizi cha gari, kilichochapwa vizuri na kukaa droo ya dashibodi miaka kumi bila kuguswa, kamera ni neema. Kwenye stika iliyopinda juu ya chuma, imepauka kwa joto la injini na kupakwa oili, inabahatisha. Mimi naitumia kama mtu wa kunionyesha njia, halafu napitia mlango wa vipande kuthibitisha.

Sasa niseme jambo ambalo lingeniokolea muda mwingi kama ningeambiwa mapema. Kamusi nyingi za bure za Kijapani kwa Kiingereza, ukizifungua tumbo, ndani ni kitu kimoja. Mwaka 1991 mtu mmoja wa Australia, Jim Breen wa Chuo Kikuu cha Monash, alianzisha faili la maneno ya Kijapani na maana zake kwa Kiingereza, akaliita EDICT. Likakua, likapata umbo jipya liitwalo JMdict, na leo lina maingizo zaidi ya 190,000. Watu wanaendelea kutuma masahihisho na nyongeza mpaka sasa, na leseni yake inamruhusu yeyote kulitumia mradi amtaje mwenyewe. Takoboto inalitumia. Jisho.org inalitumia. Akebi, Aedict, na kwa wenye iPhone imiwa? na Shirabe Jisho, zote zinachota kisima hicho. Pembeni yake kuna faili la kanji, KANJIDIC, lenye herufi zaidi ya 13,000, wakati zile ambazo serikali ya Japani imeziorodhesha kwa matumizi ya kawaida tangu 2010 ni 2,136.

Ukishajua hilo unaacha kulinganisha programu kwa idadi ya maneno. Kisima ni kimoja. Tofauti iko kwenye ndoo. Ndoo yangu lazima ichote bila intaneti, kwa sababu stika nyingine nazisoma nikiwa Makete au katikati ya majaruba ya Madibira, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka kama ukungu. Lazima ioneshe maana zote za neno bila kuchagua moja kwa niaba yangu. Lazima nikigusa herufi moja ndani ya neno inifungulie herufi hiyo peke yake. Nilibaki na Takoboto kwa kazi za kila siku. Jisho.org naifungua nikiwa dukani kwenye mtandao mzuri, kwa sababu meza yake ya vipande inanifaa zaidi.

Kuna sharti lingine, na hili nadhani Mswahili analielewa kuliko mtu mwingine yeyote. Rudi kwa yule dada wa kwenye Noah. Neno lake la mwisho, "sōnyū sarete imasen", halimo kwenye kamusi hivyo lilivyo. Limo "sōnyū suru", kuingiza. Hayo mengine ni viambishi: cha kutendwa, cha hali inayoendelea, cha kukanusha. Sasa tazama sisi tunavyosema: haijaingizwa. Ha, i, ja, ingiz, w, a. Nani anatafuta "haijaingizwa" kwenye herufi H ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu? Unakwenda kwenye "ingiza", au unarudi mpaka "ingia". Tofauti ni kwamba sisi tunavivika vitenzi vyetu nguo mbele na nyuma, Wajapani wanavivika nyuma tu. Mgeni anayesoma Kiswahili anateseka na jambo hili hili, na sisi hatulioni kwa sababu tumezaliwa nalo.

Kwa hiyo nilipokuwa nachagua, nilikuwa na kipimo changu: naiwekea kamusi neno lote lenye mikia yake, naangalia kama itajua kuuvua mkia. Ile ya kwanza ilinijibu kwamba neno halipo. Kamusi inayosema neno halipo wakati lipo ni hatari kuliko isiyo na neno kabisa, maana unafunga simu na kuondoka ukiwa na hakika.

Ipo shida nyingine ndogo ambayo karibu initie kichaa, na sikumbuki mtu aliyewahi kuniambia. Fundi aliniletea karatasi yenye neno la kutengeneza, 直す, naosu. Kwenye karatasi herufi ile ilikuwa na mstari unaoshuka kushoto na kupinda chini kama L. Kwenye simu yangu mstari ule haukuwepo, na boksi la katikati lilikuwa na umbo jingine. Nilitafuta "ile nyingine" kwa siku mbili. Kumbe ni herufi moja. Kompyuta zote duniani zimeipa kanji ile namba moja kwa Kichina na Kijapani, na simu ndiyo inayoamua iichore kwa mwandiko wa nani. Simu yangu, kwa kuwa hakuna mahali nilipoiambia kwamba nasoma Kijapani, ilikuwa inachora kwa mwandiko wa Kichina. Dawa yake: ingia kwenye mipangilio ya lugha ya simu, ongeza Kijapani kiwe lugha ya pili chini ya Kiswahili, kisha funga programu na uifungue upya. Simu itabaki na Kiswahili chako, ila kanji zitachorwa Kijapani. Fanya hivyo kabla ya kupakua kamusi yoyote.

Wateja waliposikia kwamba yule mama wa spea anasoma Kijapani, wakaanza kuniletea karatasi za mnada. Sisomi Kijapani. Nasoma kamusi. Lakini karatasi ya mnada ni kitu cha kusisimua: mkaguzi wa Japani amelizunguka gari na kuandika kwa mkono kila alichokiona. Kuna alama zinazojulikana na madalali wote, A kwa mkwaruzo, U kwa sehemu iliyobonyea, XX kwa bodi iliyobadilishwa. Utamu uko kwenye maneno ya pembeni, ambayo muuzaji wa gari hana haraka ya kukutafsiria. 修復歴, historia ya kufanyiwa matengenezo makubwa. 下廻りサビ, kutu upande wa chini. 異音, mlio usio wa kawaida. Na 寒冷地仕様, gari lililotengenezwa kwa ajili ya sehemu za baridi, ambalo mara nyingi huja na betri kubwa zaidi. Nilipomsomea hilo dereva mmoja wa Makete, kule ambako asubuhi za mwezi wa saba sakitu inalala juu ya majani, aliona gari limeumbiwa kwao. Nikamwomba asubiri kidogo, tutazame na uvungu. Sehemu za baridi za Japani, Hokkaidō kwa mfano, barabara humwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma cha chini. Kamusi inaweza kukutafsiria "baridi", lakini chumvi utaijua kwa kuuliza.

Miaka ni hivyo hivyo. Gari limeandikwa 平成17年. Kamusi itakwambia 平成 ni Heisei, jina la zama za mfalme aliyepita, 1989 hadi 2019. Haitakwambia gari ni la mwaka gani. Unajumlisha 1988 na 17, unapata 2005. Kwa magari ya zama mpya, Reiwa, zilizoanza mwezi wa tano 2019, unajumlisha 2018. Hesabu hiyo nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito ukutani dukani, kwa sababu umri wa gari unagusa ushuru na watu wamewahi kubishana mpaka jioni.

Kabla hujagusa kanji hata moja, jifunze katakana. Ni alama za kuandika sauti tu, 46 za msingi, wiki mbili za kukaa na daftari jioni. Maneno mengi ya gari yameandikwa kwa hizo, na mengi yalitoka Kiingereza kama yetu. Bampa ni banpā. Boneti ni bonnetto. Tairi ni taiya. Pancha ni panku. Silabi zao zinaishia kwenye irabu kama zetu, kwa hiyo neno la kigeni likipita kwao linatoka limevaa nguo tunazozifahamu. Ila ndugu wengine ni wa kufanana sura tu. Handoru si hendeli ya mlango, ni usukani. Akuseru niliisoma mara ya kwanza nikadhani ni ekseli, nikaenda stoo. Ni pedeli ya mafuta. Kamusi yenye maana kamili na mifano ya sentensi inakuokoa hapo, ingawa na mifano yenyewe uisome kwa macho mawili. Sentensi nyingi kwenye kamusi hizi za bure zilianzia kwenye mkusanyiko wa Profesa Yasuhito Tanaka na wanafunzi wake, na ndani yake kulikuwa na Kiingereza cha ajabu ajabu. Watu wanazisahihisha taratibu.

Binti yangu wa darasa la tano hana habari na bampa. Yeye aliikuta kamusi kwenye simu yangu akaanza kutafuta maneno ya Kiswahili ndani yake. Mimi ni sikio. Nani ni "nini". Saba ni samaki wa jamii ya vibua. Alikaa nayo mpaka chaji ikaisha, na sasa ndiye anayejua mpangilio wa mistari kuliko mimi.

Kamusi za kulipia sikuzidharau. Ile kubwa ya Kenkyūsha, toleo la tano la mwaka 2003, ni mlima wa kazi, na mifano yake imeandikwa na watu wanaojua wanachofanya. Lakini iliandikwa kwa ajili ya Mjapani anayetaka kuandika Kiingereza. Inadhani unajua kusoma kanji zote za kwenye mfano. Kwa mfasiri au mwanafunzi wa chuo, ainunue bila kusita. Kwangu ingekuwa sawa na kununua lori la tani thelathini kwa kazi ya kupeleka nozeli Mbalizi. Na anayetaka kuongea Kijapani, kuzungumza na mtu, aanze kwingine kabisa: NHK ya Japani inatangaza kwa Kiswahili na ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, bila Kiingereza kusimama katikati.

Hilo la katikati ndilo lililonifanya nianzishe daftari. Ni kaunta buku ya kawaida, ina safu tatu: herufi kama ilivyo kwenye stika, maana ya kila kipande, kisha neno la gereji. Safu ya Kiingereza niliiondoa makusudi. Kila nikipata neno kwenye simu nauliza: fundi wa hapa anakiitaje kitu hiki? 冷却水, maji ya rejeta. 点検, kukagua. セルモーター, stata. Simu inanipa njia mpaka kwenye Kiingereza, halafu kipande kilichobaki lazima nikitembee mwenyewe kwa miguu, nikiuliza watu. Mara nyingine nauliza na kwa lugha za kwetu. Mzee mmoja wa Rungwe alinieleza jambo la mlio wa injini kwa Kinyakyusa ambalo Kiswahili changu hakikuwa na neno lake, nikaliandika hivyo hivyo alivyolisema na kumwambia ndaga fijo.

Neno la kwanza kwenye daftari ni 軽油. Wepesi, mafuta. Dizeli. Chini yake 灯油. Taa, mafuta. Mafuta ya taa.

Yule kijana wa Ubaruku tulimpatia pampu ya mtumba kwa bei ambayo mume wangu mpaka leo hakubaliani nayo. Kabla hajaondoka nilimrushia Takoboto kwa Bluetooth ili asimalize bando, nikamwonyesha jinsi ya kugusa herufi moja moja. Mwezi uliopita akanitumia picha ya stika nyingine ya trekta lile lile: 作動油. Safari hii alikuwa ameifungua yote mwenyewe. Kutengeneza, kusogea, mafuta. Kamusi inasema "hydraulic fluid", akaandika, lakini dada, kwenye daftari lako tunaiitaje?

Nikampelekea fundi simu uani. Alikuwa chini ya gari, akanyoosha mkono wenye grisi, akaitazama picha kwa muda.

"Ni yale ya kunyanyulia jembe," akasema. "Andika mafuta ya kunyanyulia."